Kupangua gia mlimani: kwa nini dereva anayeshuka aanzie kazi juu

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha usalama barabarani, swali moja halikosi. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lilelile: gari likishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, dereva aweke gia gani? Wapo wanaosema namba tatu, wapo wanaosema mbili, na hakosekani mmoja wa kusema gari liachwe free lijishukie lenyewe, mafuta yapone. Muda wa redioni hautoshi kulijibu, na mara nyingi mpigaji anaingia bondeni mtandao unakata. Ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome kwa utulivu, na ukipenda umsomee hata dereva wa gari unalopanda kila siku ya gulio.

Hili si la madereva peke yao. Mama aliyekaa kiti cha nyuma cha Noah na kijana aliyelala juu ya magunia ya karoti kwenye Fuso wanashuka mlima uleule, kwa breki zilezile.

Tuanze na neno lenyewe. Kupanga gia ni kutoka namba moja kwenda mbili, tatu, nne, gari linapozidi mwendo. Kupangua ni kurudi: nne kwenda tatu, tatu kwenda mbili. Gia za chini, moja na mbili, madereva wengi huziita gia nzito kwa sababu zina nguvu na hazina mbio. Kwenye kupanda, hakuna anayehitaji kufundishwa sana kupangua, maana gari likichoka litakwambia lenyewe. Linatetemeka, linagoma, usiposhusha gia linazima. Kwenye kushuka gari halikwambii kitu. Linakimbia vizuri, kimya, upepo unaingia dirishani, na kila kitu kinaonekana salama mpaka mguu ukanyage breki na breki isiwepo.

Ndoo tatu za maji ya moto

Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilometa thelathini na kidogo, na katika safari hiyo barabara inateremka karibu mita 1,000. Sasa chukua Noah yenye abiria na mizigo, jumla uzito wake tani mbili. Ikishuka urefu huo bila kuongeza mwendo, ile nguvu ya mteremko lazima iende mahali. Haipotei hewani tu. Inageuka kuwa joto. Ukiipiga hesabu, joto hilo linatosha kuchemsha maji karibu lita 58, kutoka ubaridi wa kawaida mpaka yatokote. Hizo ni ndoo tatu za lita ishirini, zikiwa na pungufu kidogo.

Fuso iliyosheheni kabichi, uzito wa tani kumi na mbili pamoja na gari lenyewe, inatoa joto la kuchemsha lita 350. Hayo ni karibu mapipa mawili ya lita 200.

Sehemu ya joto hilo inaliwa na upepo na matairi. Iliyobaki ina njia mbili tu. Ama ipite kwenye breki, ama ipite kwenye injini. Breki ni vipande vidogo vya chuma na pedi, kila gurudumu na lake. Injini ni dude kubwa la chuma lenye maji yanayozunguka, rejeta na feni, limetengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutupa joto nje siku nzima. Ukimpa mtoto wa darasa la pili achague nani abebe mzigo huo, atachagua vizuri kuliko baadhi ya madereva wetu.

Breki ikipata joto kupita kiasi, yanatokea mambo mawili, na yote dereva anayasikia mguuni akiwa amechelewa. La kwanza, pedi zinapoteza mkwaruzo. Unakanyaga kwa nguvu zote, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halisimami, kana kwamba kuna mtu amepaka mafuta mahali. La pili ni kwenye magari yanayotumia mafuta ya breki. Mafuta mapya ya aina ya kawaida, ile iliyoandikwa DOT 3, huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ila mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu. Kwa hiyo gari ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa tangu liliponunuliwa linaweza kuwa na breki nzuri kabisa pale stendi Lushoto, na likawa halina breki likipita Soni.

Kwenye malori ya breki za upepo kuna jambo jingine. Ngoma ya gurudumu ikipata moto inatanuka, inajitenga na viatu vya breki vilivyo ndani yake. Dereva akipampu mara kwa mara, anamaliza upepo kwenye tangi haraka kuliko kompresa inavyojaza.

Injini inashikaje gari?

Gari likiwa kwenye gia na mguu wako hauko kwenye mafuta, si injini inayoyasukuma magurudumu tena. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini ya petroli inakuwa inavuta hewa kupitia tundu lililofungwa, kama mtu anayevuta pumzi huku ameziba pua, na ile kazi ya kuvuta ndiyo inayolizuia gari. Kadiri gia inavyokuwa nzito, injini inalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kizuizi kinakuwa kikubwa zaidi. Namba nne inashika kidogo, namba mbili inashika sana.

Injini ya dizeli haina hilo tundu la kufungwa, hivyo yenyewe inashika kidogo zaidi. Ndiyo sababu malori yakawekewa egzosi breki, ile unayoisikia ikitoa mlio wa kukoroma lori linaposhuka. Inaziba njia ya moshi ili injini ihangaike kuutoa. Lakini shika hili: egzosi breki inafanya kazi gari likiwa kwenye gia. Lori likiwa free, swichi hiyo ni pambo la dashibodi.

Na hapo ndipo tunapofika kwa wale wa kuweka free ili kuokoa mafuta. Kwa magari mengi tunayoendesha sasa, yenye injekta, hesabu yao imegeuka kichwa chini. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, injekta zinafunga kabisa. Magurudumu yanaizungusha injini bure, hakuna tone linaloingia. Ukiweka free, injini inabaki peke yake, na isipopewa mafuta itazima, kwa hiyo injekta zinafungua tena ili iendelee kunguruma. Anayeshuka na free ndiye anayechoma mafuta. Kwenye gari la zamani la kabureta kuna akiba ndogo kweli, lakini pedi za breki utakazomaliza zina bei kuliko hiyo akiba.

Kuzima gari kabisa ndiyo mbaya zaidi. Kifaa kinachousaidia mguu wako kukanyaga breki kinaishiwa nguvu baada ya mikanyago miwili mitatu, usukani unakuwa mgumu, na kwenye magari mengine usukani unaweza kujifunga kona iko mbele yako. Kushuka huku umekanyaga klachi ni sawasawa na free, ingawa wengi hawalioni hivyo kwa sababu gia iko pale pale imewekwa. Klachi ikiwa chini, injini na magurudumu hawajuani.

Ule usemi wa gia uliyopandia

Madereva wa zamani wanasema gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ni usemi mzuri na umeokoa watu wengi. Kwa barabara zetu, hata hivyo, nadhani umefika wakati tuuangalie tena, kwa sababu ya biashara tunayoifanya.

Lori la mboga linapanda kutoka Mombo likiwa tupu. Limekuja kufuata mzigo. Linapanda kwa namba tatu au nne bila taabu. Kesho yake, au usiku uleule ili mzigo uwahi soko Dar es Salaam, linashuka likiwa na tani za kabichi, nyanya na viazi kutoka Lukozi. Dereva akifuata usemi, atashuka kwa gia ya lori tupu akiwa na lori lililojaa. Na kama ni mgeni ambaye hajawahi kupanda kwetu na mzigo, hata hana la kulinganisha. Noah na Hiace nazo ziko hivyo hivyo siku za gulio: zinapanda na watu sita, zinashuka na kumi na wanne na magunia juu.

Basi kipimo bora ni hiki. Gia sahihi ni ile ambayo gari linashika mwendo wake karibu peke yake, na wewe unagusa breki mara moja moja tu, hasa kabla ya kona. Ukiona mguu wako unakaa kwenye breki muda wote, gia ni nyepesi mno kwa mzigo ulio nao. Shuka nyingine. Kwa gari dogo lililojaa, sehemu kali za kati ya Soni na Mombo mara nyingi ni namba mbili. Injini italia. Wengi wanaogopa mlio huo wakidhani wanaua injini, lakini angalia ule mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Ukiwa 3 au hata 4, maana yake mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, na mstari mwekundu bado uko mbali, injini ya petroli yenye oili ya kutosha haiumii. Dizeli huwa na mstari mwekundu karibu zaidi, hivyo hapo tazama kwa makini.

Na breki unapoigusa, iguse kweli. Kanyaga kwa uhakika mpaka mwendo upungue vizuri, kisha achia kabisa, injini ishike, pedi zipate upepo. Kubembeleza breki kidogo kidogo kilometa nzima ndiko kunakozipika.

Mkono na miguu

Sasa namna ya kupangua yenyewe, tuseme kutoka nne kwenda tatu. Toa mguu kwenye mafuta na upunguze mwendo kwa breki kwanza. Breki kwanza, gia baadaye, kwa sababu gia haikuwekwa ipunguze mwendo mkubwa, imewekwa ishike mwendo mdogo usikue. Kanyaga klachi mpaka mwisho. Toa lever namba nne, ingiza tatu bila kuilazimisha. Kabla ya kuachia klachi, gusa mafuta kidogo injini ipande resi, kisha achia klachi taratibu.

Ule mguso wa mafuta ndio wengi hawakufundishwa. Kwenye gari nyingi, mwendo unaoipa injini mizunguko 2,000 kwenye namba nne unataka kama 2,700 kwenye namba tatu. Ukiachia klachi injini ikiwa imelala kwenye 900, magurudumu yatailazimisha ipande ghafla. Hapo ndipo gari linaruka kama limepigwa teke, abiria wanagonga vichwa, klachi inaungua, na barabara ikiwa na utelezi magurudumu yanaweza kushindwa kushika. Ukiiongezea resi kwanza, injini na magurudumu yanakutana wakiwa na mwendo mmoja na hakuna anayehisi kitu.

Pangua gia moja moja. Mwendo huohuo wa 2,000 kwenye namba nne unakuwa karibu 4,000 kwenye namba mbili na 7,000 kwenye namba moja, na kwa injini nyingi hiyo ya mwisho ni kifo: valvu zinagongana na pistoni, au sahani ya klachi inapasuka.

Malori ya zamani yasiyo na vifaa vya kulainisha gia ndani ya giaboksi yanataka klachi mara mbili. Unakanyaga klachi, unatoa gia mpaka free, unaachia klachi, unapiga resi, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza gia ya chini. Dereva aliyezoea anafanya hayo yote kwa muda wa kusema bismillahi. Asiyezoea, lori linakuwa free kwa sekunde mbili au tatu.

Sekunde hizo tatu ndizo zinazosababisha mada hii yote. Tambarare hazina shida, lori linapunguza mwendo na gia inaingia. Kwenye mteremko, lori lenye mzigo likiwa free haliko tulivu, linaongeza mwendo. Resi uliyoipiga haitoshi tena. Unajaribu, gia inakwaruza inakataa. Unajaribu tena, mwendo umeshaongezeka zaidi, na sasa gia uliyoitoa nayo haikubali kurudi. Dereva amebaki na breki peke yake, na breki hizo zina joto tayari, maana ndizo zilizomfanya afikirie kupangua. Wengi wanaosema breki zilifeli, ukisikiliza simulizi yao vizuri, gia ndiyo iliyoanza kuwakimbia.

Kwa hiyo gia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko, gari likiwa linakwenda polepole au limesimama kabisa. Wenzetu wa Kitonga kule Iringa na Sekenke kule Singida wana mlima wenye mwanzo unaoonekana. Sisi mlima wetu unaanza taratibu, unakatika, unaanza tena baada ya Soni, ndiyo maana unadanganya. Soni ni mahali pazuri pa kusimama. Teremka, zunguka gari, nusa magurudumu, kunywa chai, uondoke na gia nzito.

Kwa wa bodaboda ni maneno machache. Pikipiki nayo inashikwa na injini, na sheria ni ileile ya gia moja moja. Tofauti ni kwamba injini inashika gurudumu la nyuma peke yake. Kwenye tope, ukipangua na kuachia klachi kwa ghafla, gurudumu hilo linajifunga na nyuma inakuja mbele. Achia vidole polepole, tena kabla ya kona, usiwe katikati yake. Na wenye magari ya automatiki msijione mmetoka: zile alama za 3, 2 na L kwenye lever ni gia nzito zenu, na D peke yake haitoshi kutoka Lushoto.

Abiria asiyejua gari anaweza kutambua mambo kwa sikio. Gari likiwa kwenye gia, mwendo ukiongezeka mlio wa injini unapanda nao. Ukisikia injini imenyamaza huku miti inapita haraka zaidi, dereva ameweka free. Mwambie. Mwambie konda pia, kwa sauti watu wasikie.

Zikishaisha breki

Dereva ukikanyaga na kukosa, usizime gari wala usitoe gia iliyomo. Hiyo ndiyo breki uliyobaki nayo. Pampu pedali haraka haraka, mara nyingine inarudi kidogo. Jaribu gia moja chini, moja tu, ukipiga resi ya nguvu. Vuta hendibreki kidogo kidogo, usiinyanyue yote kwa mkupuo. Taa za hatari, honi, watu wapishe. Kama havitoshi, lipeleke gari upande wa mlima, likwaruze ukingo wa udongo ubavu kwa ubavu. Bati litaharibika. Upande wa pili ni korongo, na kila aliyepita barabara ile anajua lilivyo.

Ukifika Mombo na unasikia harufu ya kuungua, usimwagie magurudumu maji. Chuma chenye moto kikikutana na maji baridi kinapasuka, na ufa huo utakungoja safari ijayo. Liache gari lipoe lenyewe nusu saa au zaidi. Usivute hendibreki kwenye ngoma zenye moto, weka gia na utingo atie jiwe nyuma ya tairi. Mkiondoka, jiwe hilo mlitoe barabarani.